Kamera Kichwa Chini

Nati alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, na kama kuna mtu aliyeamini kwamba dunia nzima imeshikiliwa na skrubu, basi ni yeye. Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana, kwa kuwa hakupita penye nati iliyoanguka bila kuinama kuiokota. Mpe mashine iliyogoma, ataifungua, atapanga vipande juu ya gazeti jinsi vilivyotoka, ataviosha, atavitia mafuta, atavirudisha kimoja kimoja. Hajawahi kubakiza kipande. Tena alikuwa na kauli yake aliyowachosha nayo watu wote: "Mashine ikienda kinyume, kuna kitu kimewekwa kinyume." Ishike kauli hiyo, maana ndiyo iliyomponza.

Kaka yake mkubwa alikuwa mpiga picha, tena wa kamera ile ya zamani: sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, mbele lenzi, nyuma kioo, na katikati ngozi ya mikunjo inayovutwa na kurudishwa kama kinanda cha mkono. Alikuwa na kituko chake. Wateja wakishakaa sawa, na filamu ikishaingia, alirudi tena chini ya shuka jeusi, akabinua makalio nje, akauliza kwa sauti ya mtu aliyepotea njia: "Nani kazima taa?" Hata bwana harusi aliyenuna alicheka, na hapo hapo kaka akabonyeza waya wa kupigia picha. Nati aliuona ni upuuzi wa mtu mzima ovyo, lakini wateja walirudi.

Kisha kiharusi kikampiga kaka. Mkono wa kulia ukalala, mdomo ukaenda upande, maneno yakakatika yote. Daktari alisema huenda yakarudi na huenda yasirudi, ila msemesheni, msimwache kimya. Mkewe alimsemesha mpaka koo likamkauka. Miezi ikapita, kaka akaanza kusukuma sahani kwa mkono wa kushoto na kugeukia ukuta. Ndipo shemeji alipokuja karakana, akakaa juu ya kreti, akalia mbele ya mafundi wote.

"Shemeji, kaka yako anakata tamaa, namwona hivi hivi. Kitu kimoja tu ndicho bado anakitazama. Ile kamera."

"Imeharibika?"

"Imekaa dirishani tangu augue. Ngozi imepasuka, lenzi imeota ukungu, mbao zimeshikana. Itengeneze, tupige picha mimi na yeye. Ndoa yangu yote hii sina picha na mume wangu. Kila siku yeye yuko chini ya shuka."

"Si tupige kwa simu tu, shemeji?"

"Nilimwambia. Aliniangalia utadhani nimemtukania mama yake."

Nati alifunga begi la vifaa, akamfuata.

Alianza vizuri, mtu asimsingizie. Kaka alikaa kwenye kiti chake pembeni mwa chumba cha mbele, fimbo mapajani, macho hayabanduki. Nati alitandika gazeti, akafungua, akapanga. Alifunga mapazia, akaitia ile ngozi taa ndani, na kila penye tundu pakachomoza nuru kama nyota. Akaziba kwa vipande vya kitambaa cheusi na gundi nyembamba, ili mikunjo isikakamae. Mbao za kuteleza alizipaka mshumaa. Lenzi aliifuta kwa pamba na spiriti mpaka ukungu ukatoka. Alipochukua kopo la mafuta ya cherehani akitie kile kijilango kinachofunguka na kujifunga ndani ya lenzi, kaka alipiga fimbo sakafuni, tih!

"Usitie mafuta?"

Tih!

Nati akaweka kopo chini, ameshangaa. Mashine gani hii isiyotaka mafuta? Tangu hapo akili yake haikukaa sawa.

Kikabaki kioo cha nyuma, kile anachokitazama mpiga picha. Upande mmoja laini, upande mmoja umeparazwa kama kioo cha dirisha la bafuni. Alipomaliza kukiosha alikuta amesahau kilielekea wapi. Ala! Yeye, Nati, asahau! Akajituliza, akatumia akili: upande wa mparazo hushika vumbi, basi ukae nje, mkono uufikie. Akakaza skrubu akiwa amefurahi sana na nafsi yake. Kaka akainua mkono wa kushoto, akageuza kiganja, juu chini, juu chini.

"Nimekuona, kaka. Subiri."

Akaingia chini ya shuka, na huko ndiko alikokutana na makubwa. Shemeji yake, aliyekuwa ameketi vizuri tu kwenye benchi, alikuwa ananing'inia kutoka darini kama popo, na benchi lake juu.

Nati alitoka chini ya shuka akamtazama. Ameketi. Akarudi. Ananing'inia.

"Kuna nini?" akauliza shemeji.

"Hakuna kitu. Kuna kitu kimewekwa kinyume."

Kaka akageuza tena kiganja. "Ndiyo, kaka, nageuza, nageuza!" Akaifungua lenzi, akaigeuza, ya chini ikawa juu. Shemeji bado darini. Siku ya pili akaigeuza ngozi, mbele ikawa nyuma. Darini. Kila alipotoka kazini alipitia pale, akafungua, akafunga, na kaka akazidi kugeuza kiganja, juu chini, juu chini, mpaka jasho linamtoka. Mwishowe Nati akafanya jambo ambalo karakanani hakulisimulia kamwe: aliigeuza kamera nzima, akaifunga juu ya miguu mitatu kwa kamba, tumbo lake juu kama mende aliyekufa. Akaingia chini ya shuka. Kamera kichwa chini, na shemeji naye kichwa chini vile vile.

"Hii si kamera," akasema akitoka, nywele timtim. "Huu ni uchawi."

Shemeji akamwambia liwalo na liwe, wapige. Filamu zilibaki mbili tu kwenye boksi. Yeye ndiye aliyekuwa akisafisha picha za mumewe tangu zamani, kwa hiyo aliingia chumba cha giza akazipakia kwenye kaseti, kile kisanduku bapa cha kushikia filamu. Kamera ikarudishwa ilivyokuwa. Wakaketi mke na mume, Nati akabonyeza, shemeji akaenda kusafisha. Alirudi na picha inadondoka maji.

Ilikuwa imesimama wima. Vichwa juu, miguu chini, kama watu. Lakini sura zote mbili zilivurugika, utadhani wamepigwa kupitia mvuke wa sufuria, na mdomo uliopinda haukujulikana ni wa nani.

"Mbona imesimama wima?" Nati akauliza. "Kwenye kioo ilikuwa kichwa chini!"

"Si kwenye kioo huwa kichwa chini?"

"Huwa?"

"Siku zote, shemeji. Ndivyo zilivyo kamera hizi. Ukishaishika karatasi unaigeuza."

Nati alikaa chini sakafuni, taratibu. "Muda wote huu navunja na kujenga, wewe umeketi hapo benchini unanitazama, hukusema?"

"Hukuniuliza! Kila nikiuliza kuna nini, unasema hakuna kitu. Mimi najua kazi ya fundi?"

Wangegombana hasa, ila kaka aliichukua ile picha kwa mkono mzima, akaitazama, akaiachia ianguke, akageukia ukuta. Nati aliingiwa na hofu ambayo mashine haijawahi kumtia. Filamu imebaki moja, na yeye hajui hata kosa liko wapi.

"Kaka," alisema, "nimeshindwa. Sielewi kitu. Nisamehe ndugu yangu."

Kisha fimbo ikagonga sakafu. Kaka alinyanyuka, akaburuta mguu hadi kwenye kamera, akaichomoa fremu ya kioo. Akaushika mkono wa Nati, akakipitisha kidole chake upande wa nje: unakwaruza. Upande wa ndani: unateleza. Akakigusa tena kile kidole kwenye mkwaruzo, akakielekeza kwenye lenzi. Halafu, polepole, kama anayemfundisha mtoto, akageuza kiganja.

"Kioo!" Nati akapiga ukelele. "Mparazo uelekee lenzi! Kumbe ni kioo, siku zote hizi unaniambia kioo! Mimi punda, kaka, mimi punda kabisa!"

Aligeuza kioo, akakaza, akaingia chini ya shuka. Shemeji alikuwa darini kwake kama kawaida, lakini safari hii Nati aliweza kuhesabu nyuzi za pindo la kilemba chake.

"Haya, kaka, kaa na mkeo."

Kaka hakukaa. Alimsukuma Nati kifuani kwa fimbo, akamsukuma tena hadi kwenye benchi, pale mahali pake mwenyewe.

"Kaka, picha ni yenu wawili! Mimi natafuta nini hapa?"

Tih!

Nati akaketi. Hakuelewa, na alikuwa amechoka kutoelewa. Kaka akaingia chini ya shuka, akakaa huko mpaka Nati na shemeji wakatazamana kwa wasiwasi. Akatoka, akafunga lenzi, akaisukuma kaseti kwa mkono mmoja, akachomoa kifuniko chake, akaushika waya. Kisha akarudi chini ya shuka. Nati alitaka kupaza sauti: kaka, filamu imeshaziba kioo, huko huoni kitu, ni giza tupu! Alipowaza hivyo, ndipo alipokielewa kile kituko cha miaka yote. Maana ndani kweli ni giza.

Shuka likatikisika. Makalio yakajibinua kidogo, yakalemea upande mmoja.

"Na... nani," ikatoka sauti nzito, inajikwaa, "nani... kazi... kazima taa?"

Shemeji alipasuka kicheko, machozi yakimtiririka, na waya ukabonyezwa.

Maneno mengine yalikuja polepole baada ya hapo, na mengine hayakuja kabisa. Kaka alikula. Picha iko ukutani chumba cha mbele: mwanamke anacheka meno yote nje, na kando yake mwanamume kaachama mdomo kama kaulizwa hesabu. Wageni huuliza, wakimtania, "Mbona umepiga picha na shemeji yako? Mume wako yuko wapi?"

"Mnaniona ninavyocheka?" shemeji huwajibu. "Basi ndiye huyo."