Msumeno Uliolishwa Tofali

Kabla sijaiona karakana, niliusikia msumeno wetu ukilia. Nakumbuka asubuhi hiyo ya mwaka tisini na mbili, mtaa wetu wa Gikondo umefunikwa ukungu, na kile kilio chembamba, kama chuma kinachosugua kioo. Mwanangu, msumeno unaokata jiwe vizuri huunguruma. Ule ulikuwa unateleza tu.

Ndani nilimkuta Damasi, mwenzangu wa kazi, ameulalia mkono wa mashine kwa uzito wake wote. Mezani kulikuwa na jiwe gumu la kijivu, la kaburi la binti wa Mama Devota. Mama mwenyewe aliketi karibu na mlango, amejitanda kitenge, akingoja. Padri angekuja kulibariki jiwe hilo Jumamosi. Na diski ile ya msumeno, duara la chuma linalokata, ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Kwa sababu ya vita vya mpakani, nyingine haikuwa ikija.

Damasi alizima mashine, akachukua tupa. Alikuwa ametoka kwenye useremala, na seremala hunoa msumeno wake kwa tupa.

"Weka chini hiyo!" Mzee Shabani, fundi wetu kutoka Rwezamenyo, alikuwa ameingia nyuma yangu. "Sha, kijana, unataka kunoa meno gani? Hii iko na meno?"

"Mzee, imekufa. Haikati tena."

"Haikufa. Umeichosha. Umeilalia kama godoro!"

Mama Devota alicheka kidogo, kisha akajifuta macho.

Mzee aliigonga diski kwa ukucha, akasikiliza kama imepasuka. Ilikuwa nzima. Akafungua maji ya kuipoza, akawasha mashine, akaokota kipande cha tofali laini, akakikata polepole, tena na tena, hadi maji yakawa mekundu. Ukingoni mwa diski, alitueleza, mna chembe za almasi. Jiwe gumu lilikuwa limezisaga zikalingana na chuma kinachozishika. Tofali hukikwangua chuma hicho, nazo chembe huchomoza tena. Kisha akalirudisha jiwe la marehemu. Msumeno ukaunguruma.

Jumamosi jiwe lilisimama kaburini.

Miaka miwili baadaye Mzee Shabani aliuawa katika yale mauaji ya kimbari, na mpaka leo sijui alilazwa wapi. Yeye aliyewakatia watu mawe, hana lake.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Chombo kikikataa kazi, usikikandamize. Kizime, kigonge, kisikilize. Usikinyime maji. Kilio kikibadilika, kipe tofali upesi, hata kama hakuna anayengoja, maana hujui kesho utaletewa jina la nani ulichonge. Mungu aipe mikono yako subira, akujalie kukata mawe mengi ya vizingiti kuliko ya makaburi.

Jioni ile ya tofali, Mzee aliikausha diski kwa shati lake kuukuu, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto. Akaitundika ukutani, akatuinulia mkono wa kwaheri. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.