Siku Komenti Zangu Zilipopanda Ukutani Area 47

Jamani, nichekeni mwanzoni kabisa ili tumalizane, maana mimi ndiye yule Riziki ambaye jina lake, pamoja na la ukoo, limekaa mpaka leo kwenye historia ya programu inayotumiwa na watu dunia nzima, na pembeni ya jina hilo pameandikwa kwamba kifungo cha koti la mubaba fulani kinataka kuruka. Halifutiki. Nimejaribu.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa. Sisi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, tuko kikundi cha waandishi wa programu, na kodi zetu (siyo ile ya nyumba, ni maandishi ya kuiamuru kompyuta) tunaziandikia ndani ya programu moja kubwa ambayo ndiyo jembe letu: unaandika humo, unajaribu humo, ukikosea inakuonyesha ulipokosea. Ni programu huria, yaani hailipiwi, na mtu yeyote anaweza kuifungua ndani, aone ilivyotengenezwa, arekebishe anachotaka na kuwatumia wanaoitunza. Sasa laptop zetu ni za kushirikiana, betri zake zilikufa kabla hazijatufikia, umeme ukikatika kazi yako yote imekwenda na wewe umebaki unajitazama kwenye kioo cheusi. Nikachoka kulia. Nikatengeneza nyongeza yangu ya kuingiza kwenye ile programu: ukiandika tu inahifadhi yenyewe, na siku ikipata mtandao inatuma kazi yako kwenye ghala la mradi, hifadhi ya mtandaoni ambako kila kinachoingia kinabaki na jina la aliyekileta, bila kukusumbua kwa maswali. Hilo la kutokusumbua kwa maswali ndilo nililokuwa najivunia kuliko yote, naomba mlishike.

Halafu tuna desturi yetu. Kwa kuwa laptop moja inapita mikono mingi, tunaachiana ujumbe kwenye komenti, ile mistari inayowekwa katikati ya kodi kwa ajili ya macho ya watu na kompyuta inairuka bila kuisoma. Unafungua kazi asubuhi unakuta "nani amekula chaji yote", chini yake "mama yako anakutafuta", chini yake tena mtu ameandika "Yesu anakuona". Komenti kwetu ni kibaraza, watu wanakaa pale.

Basi wanaoitunza ile programu wakaitisha mkutano Lilongwe, kwenye ukumbi mmoja wa Area 47, wasikie waandishi wa programu wanataka nini kwenye chombo chao, na wakasema papo hapo watachagua mtu mmoja wa kufanya nao kazi, kazi yenye mshahara, ambayo unaweza kuifanya ukiwa hapahapa kambini. Mnajua maana yake kwa watu ambao hata kulala nje ya hapa ni mpaka kibali. Nyongeza yangu ilipangwa kuonyeshwa mbele ya wote, na mimi moyoni nafasi ile nilishaifanya yangu. Mama, ambaye anashona nguo karibu na kanisa, yeye alikuwa ameshatoa ushuhuda kwenye maombi kwamba mtoto wake amepata kazi. Nikamwambia mama, bado. Akanijibu huku anakanyaga cherehani, "Imani njo iko vile. We nyamaza."

Nikaenda na Asukulu, mwenzangu wa kikundi, mtu wa Fizi kule kwetu Kongo, anayeongea kidogo mpaka unaweza kumsahau ndani ya minibasi. Tulipoingia ukumbini nilishtuka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na ulikuwa mshtuko mtamu: umeme uko kila kiti, na nywila ya mtandao imeandikwa ubaoni aingie anayetaka, na ukibonyeza kitu kinafunguka kabla hujaondoa kidole. Nikachomeka, nikaingia mtandaoni, nikafungua kazi yangu na kuielekeza kwenye ghala la ile programu kubwa yenyewe ili nikiitwa mbele nisianze kuhangaika. Tukakaa safu ya kwanza kama watu wa maana.

Mzungumzaji wa kwanza alikuwa Bwana Saidi, mmoja wa watunzaji wa ile programu (jina hilo Malawi liko tele, nikajua tu ni mtu wa huko Mangochi), mtu mnene ndani ya suti iliyonunuliwa kabla ya unene. Akaanza kutueleza kwa Kiingereza, na Chichewa kidogo cha kuchekesha watu, waandishi wa programu wanataka nini. Akaeleza wanataka hiki, akaeleza wanataka kile, akashika glasi ya maji, akadhani kimya chetu ni kutaka aendelee, akaendelea, na muda wote huo hajamuuliza hata mtu mmoja, na mimi nimetoka kambini alfajiri sijatia kitu tumboni na meza ya nyuma naiona ina sambusa zimefunikwa. Kunong'ona safu ya mbele ni aibu. Nikaamua, jambo dogo tu, nimwandikie Asukulu kwenye komenti kama nyumbani, na kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili Dzaleka ni cha kila mtu lakini ukikileta mjini kinageuka chumba chenu cha ndani, mnamsengenya mtu mbele yake na anawajibu zikomo, yaani asante.

Nikaandika: "Huyu mubaba anaongea bila kupumua, hata pasta wetu anapumuaka." Asukulu akasoma, akauma mdomo. Akanitia moyo, nikaongeza: "Ile suti inamubana sana, kifungo inataka kuruka, itapiga batu ba mbele." Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikaongeza ya tatu: "Na zile sambusa ni za kuangalia tu?"

Asukulu akaacha kucheka. Akavuta laptop taratibu, akaandika mstari wake mmoja, ndio peke yake alioandika siku nzima: "Riziki, hii kitu yako haiko inatuma?"

Nikamjibu "hakuna mutandao hapa", kwa mazoea tu, kama mnavyojua jibu la kambini, na vidole vilikuwa bado juu ya herufi nilipokumbuka nipo wapi. Nikainua macho. Nyuma ya Bwana Saidi projekta ilikuwa inaonyesha ukutani michango yote inayoingia kwenye ghala kutoka popote duniani, na mitano ya juu ilikuwa ya kwangu, jina zima, herufi kubwa kama tangazo la mkutano wa injili. Nikatafuta kitufe cha kuzima laptop nikabonyeza cha kuongeza sauti.

Kumbe aibu yenyewe ilikuwa haijaanza. Dada Thokozani, Mmalawi aliyekuwa anaongoza mkutano, aliona ukutani akafurahi kabisa, akamsimamisha Bwana Saidi, akasema tazameni wenzetu wa Dzaleka hawakungoja zamu, wanatuma maoni yao moja kwa moja na kwa lugha yao, Riziki mpendwa, njoo utufasirie. Watu wakapiga makofi. Nilikwenda mbele. Ningeweza kusema ni majaribio tu, yasameheni. Mtu mwenye akili angesema hivyo.

Mimi nikafasiri. Ule wa kwanza nikasema, "Hapa tunasema programu hii inaikimbiza mashine bila kuipumzisha, sisi tuna laptop za zamani, tunaomba iwe nyepesi." Watu wakaandika, nikaona mpaka mzungu mmoja anatikisa kichwa kwa uchungu. Nikapata nguvu. Ule wa suti nikasema, "Hapa tunasema kioo chetu ni kidogo, vitu vinabanana, vitufe vinatokea nje." Makofi. Wa sambusa nikasema, "Na nyongeza nzuri mnatuonyesha lakini kuzipata ni mpaka uwe na mtandao, sisi ni kuangalia tu." Hapo walisimama. Haki ya Mungu walisimama wakanipigia makofi, na yote niliyosema yalikuwa kweli, ndiyo tunayoyataka hasa, ila hayakuwa ukutani. Bwana Saidi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ameugeukia ukuta, anasoma polepole, mkono ameuweka juu ya kifungo, nikadhani ni heshima.

Akachukua kipaza sauti. Akasema, kwa Kiswahili chetu kabisa, "Dada, mustari wa pili haujamaliza. Batu ba mbele ulibaacha wapi?"

Asukulu kule kwenye kiti alifunika uso kwa mikono miwili. "Mi ni mutu wa Kindu, kulekule Kongo," akaendelea, sauti ya upole, na upole ndio ulioniua. "Mama yangu aliuzishaka vitenge pale soko ya Dzaleka, mi nilikomalia pale, tangu mutoto. We uliwaza Saidi bote ni ba Mangochi?"

"Pardon, papa," nikasema.

"Pardon nimesikia. Sasa fasiria tena, ya kweli."

Dada Thokozani akauliza mnasemaje. Nikafasiri. Mstari kwa mstari, pumzi, suti, kifungo, sambusa, macho yangu kwenye viatu vyangu, na kila nikimaliza mmoja naiona ile kazi inatoka mlangoni na mama yangu anasimama kanisani kufuta ushuhuda. Nilipomaliza, Bwana Saidi akafungua kifungo chake, akavuta pumzi ndefu, akawaambia watu kwamba ni kweli, ameongea muda wote ule juu ya wanachotaka na hakumuuliza yeyote. Ndipo wakacheka, na kicheko kile kilikuwa chake, hakikunifikia. Akanigeukia. "Na hii kitu yako, ilikuuliza mbele ya kutuma?"

"Hapana, papa."

"Aya. Tuko bamoja."

Akauliza ukumbi nani anataka programu ya kumtumia maneno yake bila kumuuliza. Mkono haukuinuka hata mmoja. Akauonyesha ule mstari wa nne ukutani, akauliza umeandikwa na nani, nikamwonyesha Asukulu, akasema katika hotuba yote na mistari yote, huyu peke yake ndiye aliyeuliza swali ambalo mwandishi wa programu angetaka liulizwe. Jioni walipotangaza, nafasi ilikuwa ya Asukulu. Nilimpongeza, na niliumia, sitawaficha, niliumia mpaka njia nzima ya kurudi nikajifanya nimelala.

Mama nilimweleza yote, bila kufasiri vibaya safari hii. Alisimamisha cherehani, akanitazama sana, akauliza, "Na zile sambusa, ulikula?" Nikamwambia zilinishinda kumeza. "Basi ulienda kufanya nini," akasema, akaendelea kushona.

Nyongeza yangu waliikubali baadaye, kwa sharti niweke swali. Kwa hiyo leo, popote mtu anapoitumia, kabla kazi yake haijaondoka kinatokea kidirisha kidogo kinamuuliza kama itumwe, na hajui kwamba swali lile limezaliwa na kifungo cha koti la mtu. Asukulu ananiambia watu wanaandika kushukuru kwa ajili ya kile kidirisha. Mimi kwenye komenti siandiki tena ila mambo ya kodi, nimeapa, hata "mama yako anakutafuta" nakwenda kumwambia mtu mwenyewe kwa miguu. Na kidirisha kikinitokea nabonyeza hapana kwanza, halafu nageuka kuangalia ukuta.