Swali la Siku Ngapi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza hata kidonge kimoja. Sista, mwenye duka la dawa pale Tororo, alinipa rundo la bahasha ndogo na kalamu, akaniambia niandike juu ya kila moja: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu, na mkono wangu ni mzito. Kufikia mchana bahasha zilizoandikwa zilikuwa chache sana. Nikajua atanirudisha kwetu Mulanda jioni ile ile.

"Unaandika polepole," alisema, akizipitia. "Lakini zinasomeka. Kesho njoo."

Kumbukumbu za kazi huandikwa na wenye mvi. Mimi mvi sina hata moja. Ila kazi ile nimeifanya miaka saba na sasa imekwisha, na wapo wadogo zangu wanaotaka kusimama nyuma ya kaunta. Nawaandikia hao.

Sista alikuwa nesi wa serikali kabla ya kustaafu. Alinifundisha kumwaga vidonge kwenye trei na kuvihesabu vitano vitano kwa kisu butu cha plastiki, kwa sababu mkono haugusi dawa. Alinifundisha kutafuta tarehe ya mwisho kwenye kila boksi. Kisha akanipa daftari. Kila aliyekuja na mafua au kikohozi aliandikwa humo: jina, alichochukua, na katika safu ya tatu, amekuwa nayo siku ngapi.

"Hiyo ya tatu ndiyo kazi," alisema. "Hizo nyingine ni kuuza tu."

Kilichotoka sana ni vitamini C, vile vidonge vya rangi ya chungwa vya kutafuna. Sista hakuvisifu wala kuvitukana.

"Ukivitafuna kila siku, mafua yatakupata vile vile," aliniambia. "Labda yataondoka mapema kidogo. Ukianza kuvitafuna pua imeshaanza kutiririka, hupati kitu cha maana."

"Mbona watu wanasema vimewaponya?"

"Mafua yanaisha yenyewe, wiki moja hivi. Kidonge kinayakuta yanafunga mizigo."

Aliongeza kwamba huenda vinawakinga kidogo watu wanaojitesa mwili kupita kiasi, kama wakimbiaji wa mbio ndefu. Hilo nililishika, na baadaye nililitumia vibaya.

Mwaka wa tatu akanipeleka Busia, kwenye duka lake la pili, karibu na mahali malori yanaposubiri kuvuka mpaka. Yeye alipanga kuja kukagua kila mwisho wa mwezi. Busia watu wanaongea haraka na kwa lugha nne kwa wakati mmoja, na mimi ni mtu wa aibu. Kuuliza "unataka nini" niliweza. Kumwuliza mtu mzima mbele ya foleni amekohoa siku ngapi, hapana. Huku kwetu swali hilo mtu analisikia kama unamtangazia ugonjwa ule mbaya wa kifua. Kwa hiyo safu ya tatu nikawa naweka kistari.

Mzee Okoth alikuwa mmoja wa wateja niliowawekea kistari. Mtu wa kijiji cha Kiyeyi, mpakiaji wa magunia ya mahindi, mpenda utani.

"Wee Dakitari! Ile ya machungwa iko?"

"Iko, mzee."

"Leta. Hii mafua imenizoea kama shemeji."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Alipogeuka nilimsikia akikohoa hadi barabarani. Nikajiambia: huyu anabeba magunia, ni wale wale wa kujitesa mwili, vitamsaidia. Nikaweka kistari.

Miezi miwili ya kwanza Sista hakuja, alikuwa na mgonjwa nyumbani. Alipokuja hatimaye alifungua daftari, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa.

"Huyu ni Okoth mmoja au Okoth wanane?"

"Mmoja, Sista."

"Na hivi vistari ni nini?"

Akavua miwani.

"Nilikupa swali moja la kuuliza. Mafua gani yanakaa hivi? Kikohozi kikipita wiki mbili makohozi yanapimwa, hakipewi peremende. Nenda ukamtafute. Wewe, si mimi."

Nilimkuta kwenye malori na wenzake. Suruali yake ilikuwa imemlegea, ameifunga kwa kamba, na mimi nilikuwa sijawahi kuiona kamba hiyo ingawa nilimhudumia kila wiki.

"Dakitari ameleta dawa mpaka kazini!" mmoja akapiga kelele. "Okoth, utaoa lini duka hilo?"

Nilimwomba tusogee pembeni. Akakataa. "Sema hapa hapa, kijana. Mi sina siri."

Sauti ilinitoka ndogo. "Mzee, hiyo mafua ni ya siku ngapi?"

Utani ukakatika. Okoth akanishika bega, akanisogeza nyuma ya lori yeye mwenyewe.

"Tangu tupande mahindi," alisema. Mahindi ya msimu huo yalikuwa yameshavunwa, yamo kwenye magunia ya lori lile. "Usiku natoa jasho, nalowesha shuka. Nilikuwa nangoja mtu aniulize. Wewe ulikuwa unacheka."

Tulikwenda hospitali ya serikali pamoja. Ilikuwa kifua kikuu. Mke wake alipimwa, akakutwa mzima, na hilo tu ndilo lililonirudishia usingizi. Okoth mwenyewe alimeza dawa miezi sita bila kuruka. Tangu siku ile daftari langu halina kistari.

Mwaka huu Sista amechoka na ameyauza maduka. Mwenye duka mpya ana mtu wake mwenye diploma, na ni haki. Mimi narudi kulima. Ninachokijua cha kuwaachia ni kidogo: vitamini haina ubaya mkubwa, ubaya ni kumpa mtu kitu mkononi ili aondoke upesi mbele yako, usimwulize.

Siku yangu ya mwisho Mzee Okoth alikuja, mkanda kiunoni, pua inatiririka.

"Ile ya machungwa iko?"

Foleni ilikuwa ndefu. Nikafungua daftari.

"Ya siku ngapi, mzee?" nikauliza, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

Akacheka, akajipangusa pua.

"Ya jana, mwanangu. Andika."

Nikaandika, polepole: siku moja. Vidonge sikumpa. Nilimwambia aende akanywe chai ya moto, angoje.