Mtu wa Chini

Mzee Tumbili alikuwa akishuka ngazi kwa mguu mmoja. Aliutanguliza wa kushoto, akauvuta wa kulia ukae pembeni yake, akapumua, kisha akaanza upya kwenye kidato kinachofuata. Kila asubuhi alitoka mapema ili majirani wasimkute katikati ya safari hiyo. Goti lilikuwa limekwisha. Yeye alisema limelala vibaya, na huu ulikuwa mwaka wa tatu akisema hivyo. Ni goti gani hilo linalolala vibaya miaka yote hiyo, mimi sijui.

Jina la Tumbili alipewa ujanani na wenzake wa kampuni ya kutunza miti, enzi alipokuwa akifika kileleni mtu mwingine akiwa bado anafunga viatu. Neno Mzee liliongezwa baadaye, nusu heshima, nusu utani. Na hapa niseme jambo moja, maana linaniudhi. Watu wakisikia mkata miti wanamfikiria jamaa mwenye panga na ngazi ya kuazima, aliyekalia tawi lile lile analolikata. Watu wa namna hiyo wapo, na hospitali zinawajua vizuri. Lakini kazi ya Mzee Tumbili ilikuwa na mafunzo na mtihani, kofia ngumu, mikanda ya mwili, kamba inayokaguliwa kabla haijagusa mti, na suruali nzito ya kuzuia msumeno wa mashine usifike kwenye paja. Ilikuwa na sheria pia, na iliyozishinda zote ilikuwa hii: hapandi mtu juu kama chini hakuna wa kumfuata na kumshusha.

Kumshusha sasa hivi, si kupiga simu na kusubiri gari la king'ora. Mtu akizimia huku ananing'inia, mikanda ile ile iliyomzuia asianguke inaanza kumbana mapaja, damu inakwama miguuni, na uhai wake unaanza kuhesabiwa kwa dakika. Kwa hiyo kila mpandaji ana mtu wake wa chini, ambaye amevaa mikanda yake mwenyewe, na kamba ya pili imeshatundikwa mtini tayari. Mzee Tumbili alipostaafu kupanda alifanywa mtu wa chini. Mpandaji wake alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee.

Binti alifurahi hadi akapitiliza. Mzee alikuwa mjane, akiishi chumba cha juu na kula kwa binti yake chini, na kila akipakuliwa chakula alisikia maneno yale yale. "Wenzangu waume zao wanaangaliwa na watu baki," binti alisema. "Wangu anaangaliwa na baba yangu mzazi. Mimi nina wasiwasi wa nini?" Mzee aliinamia sahani na kuomba aongezewe mchuzi, hata kama hakuuhitaji.

Maana kulikuwa na jambo. Kila mwaka kampuni ilifanya zoezi la uokoaji kwenye mti wa mafunzo, ule ulioko uani nyuma ya stoo. Mpandaji anapanda, ananing'inia, anajifanya amezimia. Mtu wa chini anamfuata, anamfunga kwake, anamfungua kwenye kamba aliyoning'inia, wanashuka wote wawili. Mwalimu wa usalama, mama wa makamo ambaye naye alikuwa mpandaji, anatazama kutoka chini. Sasa, mwaka juzi Mzee Tumbili alipofika juu, goti likiwaka moto, alinyoosha mkono kutafuta kulabu ya kumuunganisha mkwe na mikanda yake, akaikuta imeshafungwa. Mkwe alikuwa amefumba macho, ulimi nje kidogo kwa mbwembwe, lakini mkono wake uliofichwa na majani ulikuwa umemaliza kazi. Mwaka uliofuata ilikuwa hivyo hivyo, ila safari hiyo majeruhi alimshika mwokoaji kwenye bega na kumvuta kipande cha mwisho. Mwalimu akawapa mkono wa pongezi, na wakaruhusiwa mwaka mwingine.

Hawakulizungumza. Mkwe angeanzia wapi? Utamwambiaje baba wa mkeo kwamba kazi imemshinda? Na mzee angetoaje shukrani kwa jambo asilotaka lisemwe? Kila mmoja alimsitiri mwenzake, wakaenda kazini, wakarudi. Mzee alijipa moyo kwamba mkwe ni mpandaji makini na hajawahi kupata hata mkwaruzo.

Wiki moja kabla ya zoezi la mwaka huu walitumwa kupunguza mkaratusi uliokauka upande mmoja, nyuma ya nyumba ya wauguzi. Mkwe alikata tawi akiwa amelifunga kamba inavyotakiwa, lakini tawi, badala ya kushuka, liligeuka na kurudi lilikotoka. Likampiga kwenye kofia. Msumeno ukazimika na kubaki ukibembea. Kichwa cha mkwe kikainama, mikono ikalegea.

"Wewe bwana!" mzee aliita. Kimya. "Mkwe! Nijibu!" Kimya.

Alijifunga kwenye kamba ya pili, akaanza. Mvuto wa kwanza ulikubali. Wa pili, goti halikunyooka. Kuuma alikuzoea, leo lilikataa kabisa. Alijikaza kisabuni, akavuta kwa mikono peke yake, akabaki amening'inia juu kidogo ya uzio, akizunguka taratibu kama shati kwenye kamba ya nguo, na mume wa binti yake yuko kule juu hana kauli. Alimwita Mungu. Alimwita marehemu mkewe, ambaye hata akiwa hai hakuwa mpandaji wa miti.

Kisha sauti ikashuka, nzito. "Niko sawa, baba. Kizunguzungu tu."

Mkwe alitazama chini akaona mkwewe alipoishia. Alishuka mwenyewe polepole, akaosha uso bombani. Mzee alimkatalia kupanda tena siku hiyo na kumpeleka akapimwe kichwa. Hilo angalau aliliweza.

"Nyumbani tusiseme," mkwe alisema njiani.

"Tusiseme," mzee alijibu, na jibu lake mwenyewe likamkata maini.

Siku zilizofuata alichoka uchovu usiotoka kwa kulala. Alivaa viatu na kuvifunga akiwa ameketi kitandani, halafu akasahau kuinuka. Alilipima jambo lile kila upande, akaona halina upande mzuri. Akisema ukweli, kikosini hatakuwa na kazi, maana mtu wa chini asiyeweza kwenda juu ni mtazamaji tu, na yeye nje ya miti hana mbele wala nyuma. Mkwe naye atakaa chini hadi mwingine afundishwe, na nyumba ile ilikula kwa mikono ya mkwe. Akinyamaza, tawi jingine litarudi siku moja, na binti yake atafanywa mjane huku yeye amesimama pale pale na kofia kichwani. Alikuwa amechoka kuogopa. Alikuwa amechoka pia kuonewa huruma na kijana anayempenda.

Siku ya zoezi walikutana uani kabla jua halijawa kali. Mkwe alimwinamia akijifanya kumkagulia mikanda.

"Baba, tufanye kama siku zote," alinong'ona.

Lilikuwa neno lao la kwanza juu ya msaada ule wa zoezini tangu uanze. Mzee alikaza mkanda na kuusogelea mti.

Mti wa mafunzo ni mti mwema. Matawi yake yamekaa karibu karibu, na mtu mwenye mikono imara anaweza kujidanganya juu yake kwa muda mrefu. Mzee Tumbili alijidanganya hadi chini ya viatu vya mkwe, akakwama hapo, kijasho kikimwingia machoni. Mkono ukashuka kutoka kwenye majani.

"Shika, baba. Hatuonekani."

"Urudishe."

"Baba, shika basi."

"Umezimia wewe. Umeona wapi mtu aliyezimia anatoa mkono?"

"Wakikuondoa utafanya nini?" Sauti ya mkwe ilikuwa inapasuka. "Utakaa tu kule chumbani?"

"Nitakaa. Legea, mwanangu. Kama kweli unaniheshimu, legea."

Mkwe akaurudisha mkono, akafumba macho, akalegea mwili mzima, safari hii bila ulimi nje wala mbwembwe.

Mzee alijaribu. Hilo lisije likasemwa vibaya, hakuwa anaigiza kushindwa. Alivuta hadi meno yakagongana, akautafuta mguu wa kulia kwa roho yake yote, na mguu ukabaki unaning'inia. Kamba haikupanda hata shibiri.

"Mwalimu!" aliita. "Siwezi!"

"Pumzika kidogo, mzee," mwalimu alijibu kutoka chini. "Unahitaji dakika ngapi?"

"Hata ukinipa mwezi. Siwezi. Na mwaka jana sikuweza, na mwaka juzi pia. Alikuwa ananisaidia huyu."

Mwalimu akavua koti lake, akavaa mikanda, akapanda mwenyewe. Alimpita mzee, akamfikia mkwe, akamfunga, akamfungua, akaanza kushuka naye. Mkwe angeweza kushuka kwa miguu yake, lakini alikuwa ameambiwa alegee, na hakuwahi kumkaidi mkwewe. Kichwa chake kilipita karibu na uso wa mzee, kimeinama, uzito wake wote mikononi mwa mtu mwingine. Mzee Tumbili akaona kazi yake inavyofanywa na mtu anayeiweza, akalia pale pale kwenye kamba, wazi, kama mtoto. Mwalimu akarudi juu kumchukua na yeye.

Hakugombezwa sana. Mwalimu alisema mkwe hapandi hadi apatikane mtu wa chini mwingine, aliyefundishwa na kupimwa kwa mdoli wa mchanga usiojua kusaidia. Alisema mzee apeleke goti hospitali, na mambo ya kazi yake yataamuliwa na wakubwa. "Na mimi nitakwenda kujieleza," aliongeza akikunja kamba, "maana mara mbili nilisimama hapa nikatazama na sikuona." Alionekana naye amechoka.

Wakarudi nyumbani mchana, mkwe akiwa amebeba mifuko yote miwili. Binti alikuwa anaanua nguo.

"Mbona mapema?" aliuliza. "Zoezi vipi?"

Mkwe alifungua mdomo, mzee akamnyamazisha kwa mkono. Alisimulia mwenyewe, amesimama, ameegemea ukuta, tangu kulabu ya mwaka juzi hadi mkaratusi wa wiki iliyopita. Hakutia chumvi na hakupunguza. Binti alisikiliza amekumbatia nguo kifuani.

"Na wewe ulijua?" alimuuliza mumewe.

"Nilijua."

"Na ukapanda?"

"Nilipanda."

Binti aliziweka nguo juu ya ndoo, zikateleza zikaanguka chini, hakuziokota. Aliwatazama wote wawili, asijue aanze kumgombeza yupi.

"Kumbe muda wote huo," alisema polepole, "chini hapakuwa na mtu."

"Hapakuwa na mtu, mwanangu," Mzee Tumbili alijibu.