Mshono wa Mama kwenye Bawa la Panzi

Sisi tuliokulia Mji wa Kale enzi zile, ndege tuliyoijua kwa jina ilikuwa moja tu: Panzi. Ilikuwa na viti viwili na mabawa ya mbao yaliyovishwa kitambaa. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mlowezi wa mashamba ya mkonge, akamwuzia daktari, daktari akaichoka, ikabaki ghalani Mbaraki mpaka panya wakazalia ndani. Ndipo Bwana Gulam, muuza nguo wa mtaani kwetu aliyejifunza urubani kimyakimya, akainunua. Watu walimcheka, mbavu hawana.

Mbao alizitengeneza na seremala. Kitambaa kikawashinda mafundi cherehani, maana lazima kishonwe kwa mkono, tundu kwa tundu. Akamjia mama, mshona kofia. Bawa likaletwa kwa mkokoteni, watu wakijibana ukutani lipite, likalazwa uani kwetu. Mwezi mzima tulikula mahamri na mbaazi tumelizunguka. Lilipopakwa dawa ya kukaza kitambaa, nyumba nzima ilinuka rangi ya kucha.

Siku ya kuruka, Bwana Gulam alisita. "Bi Zuhura, nyuzi hizi zitastahamili upepo kweli?"

Mama akanishika bega. "Mkono wangu naujua. Mtwae mwanangu uruke naye."

Nilikuwa na miaka tisa. Wallahi niliogopa. Lakini tulipopaa, Subhanallah! Ngome ya Yesu ilikuwa ndogo kama kipande cha halua, na maji yametuzunguka pande zote. Mwalimu alituambia kila siku kwamba twaishi kisiwani, nami sikumwamini mpaka siku ile. Kando yangu nyuzi za mama zilitetema, wala hakuna uliolegea.

Wajukuu zangu siku hizi hupanda ndege kwenda Nairobi, wakafunga dirisha ili waone simu vizuri.

Sasa mjukuu wa Bwana Gulam anaifufua Panzi. Alinipa ukanda wa kitambaa alioubandua bawani. Kitambaa kimeoza, mshono haujaachia.

"Shangazi," akaniuliza, "nani wa kutushonea leo?"

Mama hayupo. Nami kila aliponiita nijifunze sindano, nilikimbilia kucheza mdako. Yeye alimaliza bawa zima kwa mwezi. Mimi, wiki ya pili hii, nimeketi na ukanda ule mapajani, nafuata matundu yake moja moja kwa sindano, mpaka niweze kumpandisha mjukuu wangu ndani ya Panzi bila kusita.