Matawi kwenye Mpando wa Fizi

Watu husema wivu unauma moyoni. Wangu huanzia tumboni, chini kidogo ya mbavu, kama nimekula muhogo mbichi. Asubuhi ile ulinishika katika ukumbi wa parokia huko Fizi, chai ikiwa bado ya moto mbele yangu, nilipofungua andiko la tatu la kuomba utafiti na kuona ni la kwake.

Yeye ni mwalimu mwenzangu wa Baraka, mdogo wangu kwa miaka mingi. Ananiita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kuandaa masomo. Kisha akaenda Bukavu kusoma, akarudi na diploma na viatu vinavyolia sakafuni. Mkurugenzi wa shule akaanza kumwuliza yeye mambo aliyokuwa akiniuliza mimi. Niliongeza tu sauti nilipofundisha, maana darasa lake lilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Tulikuwa watu watatu kwenye komite. Mradi mmoja ulitaka kupanga namna ya kupunguza ajali kwenye barabara inayotoka Baraka, ikapanda Fizi na kuendelea hadi machimbo ya Misisi. Kabla ya kupanga walihitaji utafiti mmoja, na sisi ndio wa kuuchagua. Tuliambiwa tutazame kama swali linaeleweka, kama kazi inawezekana, na kama majibu yatausaidia mpango. Sheria nyingine ilikuwa moja tu: mjumbe mwenye mkono wake katika andiko lolote atoke nje.

Tulianza kwa kucheka. Mmoja aliomba kuchunguza taa za kuongoza magari, huku kwetu ambako taa ya nyumbani yenyewe ni ya kubahatisha. Mwingine alinakili kazi ya nchi za mbali bila hata kuondoa theluji. Muuguzi, mjumbe mwenzetu, alicheka mpaka akavua miwani.

La kwake halikuchekesha. Lilihusu matawi.

Kwetu lori likiharibika njiani, dereva na watu wake hukata matawi, wakayapanga barabarani mbele na nyuma ya gari ili anayekuja apunguze mwendo. Ni desturi nzuri. Ubaya wetu unaanza lori likipona. Linawaka, watu wanarukia juu ya mizigo kwa furaha, linaondoka, na matawi yanabaki palepale yakikauka. Kesho mwenye pikipiki anapunguza mwendo, haoni kitu. Keshokutwa anayakwepa bila kupunguza. Halafu siku moja, kwenye kona ileile, lori limekufa kweli, matawi ni mabichi, na hakuna anayeyaamini. Muuguzi aliacha kucheka hapo, kwa sababu yeye ndiye huwapokea hao wasioamini. Andiko liliuliza ni kona zipi matawi huachwa, na nini kitamfanya dereva ayaondoe kabla ya kuwasha gari.

Maneno hayo yalikuwa yangu. Nilimwambia mimi mwenyewe, sisi wawili tukiwa nyuma ya mwendesha pikipiki mmoja, tukipanda Fizi kusahihisha mitihani. Nilikuwa nimeyasema pia harusini, matangani, na nje ya kanisa, kwa yeyote aliyesimama kunisikiliza. Mstari mmoja sikuwahi kuandika. Na sasa kama ningesema ni yangu, sheria ingenitoa nje ya ukumbi, na yeye angeshinda nikiwa uani na kuku. Nikageuza ukurasa, nikaendelea kusoma.

Muuguzi alipotoka kuongeza sukari, prezida wa komite, injinia mstaafu, akaniinamia. Uso wangu ulikuwa umeshanisema.

"Huyu angali mutoto," akasema. "Tukimupa points kidogo, inaanguka. Halafu tunakuomba we mwenyewe uandike ingine. Hii njia unaijua kumupita."

Nilitaka. Nilitaka mpaka mate yakanijaa mdomoni. Niliuona utafiti huo ukiwa mkononi mwangu, na mkurugenzi akinitafuta tena darasani kwangu. Hasidi hana sababu, wanasema, lakini mimi sababu nilikuwa nayo na ilikuwa nzuri.

Shida ni kwamba niliikumbuka siku ile ya pikipiki yote, si nusu yake. Nilipokuwa nikieleza, yeye alimwomba mwendesha pikipiki asimame. Akashuka na sketi yake ya kazini, akayaburuta yale matawi makavu mpaka mtaroni, kona nzima, akarudi na miiba mikononi. Mimi nilibaki juu ya pikipiki, nimempakatia mkoba wake, nikiendelea kueleza.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nikampa alama zote, nikikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, na muuguzi aliporudi nikamwambia kwamba kwangu mimi andiko ni hili. Prezida akanitazama kama mtu aliyekataliwa nyama. Likapita.

Baadaye nilikutana na yule mwalimu mwenzangu sokoni Baraka, kwa wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Habari alikuwa nayo tayari. Alinipokea kikapu, tukatembea kidogo, kisha akasema:

"Yaya, jina yako sikuiweka makusudi. Bangeiona, bangekutosha inje ya ile chumba. Na mi nilitaka we ndiye uisome."

Nikamwuliza kwa nini mimi, wakati waliosoma kuliko mimi walikuwa wengi.

"Sababu we hauwezi kunionea."

Nikageukia ndagala, nikajifanya nawachagua. Tumbo lilikuwa limenishika tena, palepale chini ya mbavu. Mimi mwenyewe kujiamini nilianza siku ile parokiani, tena kwa shida. Yeye alikuwa ameshaniamini tangu siku aliyoandika.