Kamera Isiyoziba Uso

Kijiji kizima cha Akheri, huku Meru, ukimtaja Diana Nanyaro watakuambia, ah, yule wa picha. Harusi, kipaimara, msiba, yeye yupo, na kazi yake ni safi, hilo hata wanaomwonea kijicho wanakubali. Ila kuna jambo lilimkaa rohoni. Mama yake alipofariki, picha iliyowekwa mbele ya jeneza ilitolewa kwenye kitambulisho cha mpiga kura, ikakuzwa. Mama mwenyewe alikuwa mcheshi kupita kiasi, lakini pale kwenye fremu alionekana mtu aliyeitwa kituoni kuhojiwa. Binti ni mpiga picha, mama hana picha. Diana alilia kwa uchungu, akalia na kwa aibu pia.

Akabaki baba, Mzee Yona. Na Mzee Yona ni mmoja wa wale wazee wa Meru ambao wakiona kamera wanavuta koti, wanafunga kifungo cha juu, wananyoosha shingo na kukaza midomo. Kwao kupigwa picha ni jambo la heshima, si la kuchekea. Diana alikuwa na picha za baba yake tele, na zote ni shingo na kifungo. Alichotaka ni kumpata yule mwingine, yule anayecheka huko shambani akidhani hakuna anayemwona, kabla hajachelewa tena. Kikwazo kilikuwa kamera yake. Lilikuwa dude zito, likipiga linalia klap, na ili ulitumie lazima ulibandike usoni. Sasa wewe niambie, utamwamkia mzee shikamoo huku umejiziba uso? Baba yake alishamwambia siku moja, "Ukimaliza kujificha, njoo unisalimie."

Ndipo akaanza safari za mjini, dukani kwa Richard, muuza kamera. Richard, kwa kujua anaongea na mtu wa maharusi, akamshushia kubwa kuliko zote.

"Dada Diana, ukisimama na hii hata mchungaji anakupisha njia."

Diana akaisogeza pembeni. Akaomba zile ndogo zisizo na kioo ndani, ambazo wenye maduka wanaziita mirrorless. Aliishika moja, akaiweka sikioni na kupiga picha, asikie kama inalia. Akatoka nayo nje akirekodi video huku anapanda na kushuka ngazi, maana kwao ni mteremko mtupu, na video inayotikisika inawatia watu kichefuchefu. Akaingia nayo stoo kwa Richard, taa zimezimwa, kwa sababu chini ya migomba hata mchana kuna giza lake. Moja ilitoa picha nzuri ajabu, lakini kioo chake cha nyuma, kile cha kutazamia picha, hakifunguki. Akairudisha. Nyingine ilipata joto ikajizima katikati ya video, hiyo hakuitazama mara ya pili. Aliondoka mikono mitupu, akarudi wiki nyingine, akaanza upya.

"Dada, hasa unatafuta nini?" Richard aliuliza, kwa upole wa mtu aliyechoka.

"Natafuta kamera ambayo naweza kumsalimia mtu nikiwa nayo."

Ikapatikana. Inaenea kiganjani, haina kelele hata kidogo, na kioo cha nyuma kinafunguka pembeni na kutazama juu. Unaishika kifuani, unatupa jicho chini kidogo tu, uso wako uko wazi. Yenyewe inalitafuta jicho la mtu na kulifuata hata akigeuka. Wengine wangechukua ile ya kwanza wakaenda zao kutamba. Diana si wa hivyo, na ndiyo maana watu wanamwita.

Kazi ya kwanza ikawa send-off ya binamu yake, Angel, aliyekuwa akiagwa kwenda kuolewa, hapo hapo Akheri. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Arnold, mfanyabiashara wa mjini, mtu mwema ila mpenda makubwa. Alipoiona ile kamera akamvuta Diana kando.

"Mdogo wangu, kamati ilikubaliana video. Hicho ni cha kupigia selfi."

Huku kwetu ndivyo tulivyo, mpiga picha tunampima kwa ukubwa wa kamera. Diana hakubishana. Alikwenda garini akatoa lile dude la zamani, akalisimamisha kwenye stendi mbele ya hema, katikati kabisa. Arnold akaridhika, kamati ikaridhika, akina mama wakarekebisha vilemba. Betri ya dude ilikuwa imekufa tangu aliponunua hii ndogo, na hilo Diana alibaki nalo mwenyewe.

Mzee Yona alikaa mstari wa mbele, kifungo juu, shingo imenyooka, akilikabili dude. Diana akaja ubavuni kwake, akachuchumaa, kamera ndogo kifuani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Arnold akashika kipaza sauti. Badala ya kumwangalia Angel akaligeukia dude, akanyoosha tai, akaanza hotuba. Mzee Yona akamwinamia binti yake.

"Mbona leo ile haiwashi kile kitaa chekundu?"

Diana akamnong'oneza kwa Kimeru kwamba haina betri. Wakati huo huo Arnold alikuwa amelinyooshea dude kidole akisema, "Hii kamera ndiyo shahidi wa maneno yangu." Mzee akajaribu kujizuia. Akaziba mdomo, akainama, haikusaidia kitu. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, kofia ikadondoka, machozi yakamtoka. Arnold alidhani hotuba imenoga, akaongeza mbwembwe. Kamera ya kifuani ikameza yote, bila sauti.

Kesho yake Diana alimpelekea baba yake kompyuta sebuleni, akamfungulia ile video. Mzee Yona alitazama. Akasogeza kiti. Akasogeza tena.

"Ni Eliasi," alisema. "Huyu mmempata wapi?"

Eliasi alikuwa kaka mkubwa wa Mzee Yona. Alikufa kabla Diana hajazaliwa, na hakuacha picha hata moja.

"Baba, huyo ni wewe. Ni jana, kwa Angel."

Mzee Yona alijishika shavu. Uso wake aliujua kwenye kioo cha kunyolea, na anayenyoa ndevu hacheki. Mkono ukabaki pale pale.

"Eliasi alikuwa anacheka hivi hivi," mzee akasema. "Sikujua kama nimebaki na kicheko chake." Kisha akaivuta kompyuta karibu. "Rudisha nyuma, mwanangu. Nimwone tena."